Faili Zito la Heulwen Video

Bondeni kwetu mtu haitwi kwa jina la ukoo, kwa sababu majina ya ukoo yako manne na sisi tuko mia sita. Unaitwa kwa kazi yako. Iorwerth aliyekuwa akiuza makaa ya mawe ni Iorwerth Makaa, ingawa ameacha kuyauza tangu miaka ya tisini. Mimi, ninayeipigia kinanda Kwaya ya Wanaume ya Cwm Erfyl huu mwaka wa ishirini na sita, ni Nesta Piano. Na huyu ninayetaka kuwapa habari zake, jirani yangu ukuta kwa ukuta, ni Heulwen Video. Jina hilo alilitolea jasho, na wapo waliojaribu kumnyang'anya.

Heulwen alianza maisha kwenye kiwanda cha suruali za jeshi. Miaka ishirini na mbili alishona mfuko wa nyuma wa kulia, huo huo tu. Kiwanda kilipofungwa wenzake walilia getini. Yeye alichukua kiinua mgongo chake, akapanda basi mpaka Bangor, akarudi na kamera iliyotumika na kitabu cha maelekezo kilichochanika kurasa za mwisho. Hizo za mwisho ndizo zilizoeleza namna ya kuitoa filamu ikishahaririwa, kwa hiyo akajifunza mwenyewe kwa kukosea. Harusi ya kwanza aliyopiga, maharusi walitoka wafupi na wanene kama waliokaliwa na ng'ombe. Ya pili haikufunguka kwenye simu ya mtu yeyote. Ya tatu ilifunguka, na baada ya hapo hakukosea tena.

Kila filamu huitoa mara tatu. Nakala ya kwanza ni nzito, haijabanwa hata kidogo, ya kuweka kabatini. Ya pili ni ya runinga. Ya tatu ni nyepesi, MP4, picha ishirini na tano kwa sekunde, ya kupakia mtandaoni. Hiyo nyepesi haitumi popote kabla ya kuijaribu kwenye simu moja ya bei rahisi yenye kioo kilichopasuka.

"Watu hawatazami filamu yako kwenye kompyuta yako, Nesta," alikuwa akiniambia. "Wanatazama chooni, kwa simu, bila miwani."

Na kisirani anacho, sitaki kumpamba. Mwoka mikate wetu alipata kusema kwamba filamu ya mazishi ya mama yake Heulwen ilikuwa "ndefu kidogo". Maneno mawili hayo. Miaka tisa Heulwen alipanda mlima na mvua yake kununua mkate kijiji cha jirani. Siku mwoka mikate alipostaafu, Heulwen aliingia duka lile lile, akanunua mkate kwa mrithi wake, akaula mlangoni huku amegeukia dirisha la yule mzee. Nilikuwapo. Alitafuna polepole.

Mwaka jana mashindano makubwa ya kwaya yalibadili utaratibu. Kila kwaya ipakie filamu ya wimbo mmoja kwenye ukurasa wao, mwisho Ijumaa saa sita mchana, baada ya hapo ukurasa unajifunga na hakuna kubembelezana. Nusu ya alama zinatoka kwa majaji, nusu kwa kura za watu wanaotazama kwenye simu zao. Watakaoshinda watapanda jukwaa kubwa la Agosti, mahali ambapo sisi hatujakanyaga kwa miaka thelathini na moja.

Kwetu lilikuwepo na la zaidi. Mwimbaji wetu wa peke yake ni Tegid, kaka yake Heulwen, miaka sabini na minne, na koo lake lilikuwa limeota uvimbe. Upasuaji ulipangwa Aprili. Daktari alimwambia waziwazi aimbe kila anachotaka kuimba kabla ya Pasaka. Kwa hiyo filamu ile ilikuwa na sauti yake ya mwisho, na wote tulijua, Iorwerth Makaa, mwenyekiti wetu, akiwa wa kwanza.

Tulirekodi kanisani Seion mwezi wa pili, wanaume wakivua makoti kamera ikiwashwa na kuyavaa mbio ikizimwa. Heulwen akajifungia jikoni kwake na kompyuta wiki tatu. Nilimkuta mara nyingi ameusimamisha uso wa Tegid, anautazama, anasogeza mkato mbele kidogo, anarudisha nyuma kidogo, mpaka pumzi ya kaka yake na noti yangu ya kwanza zikakutana. Sijapata kuonekana vizuri hivyo maishani mwangu, na mimi mikono tu ndiyo iliyoonekana.

Jumatatu ya wiki ya mwisho, baada ya mazoezi, tulikuwa chumba cha nyuma cha kanisa. Heulwen alikuwa anamimina chai na kukata bara brith, mkate wetu wa zabibu kavu. Iorwerth akagonga kikombe kwa kijiko.

"Jamani, hili jambo ni kubwa, si harusi ya binti wa mtu," alisema. "Mkwe wangu Rhodri mnamjua. Ana vifaa vya kisasa, ana droni. Sasa kamati imeona yeye ndiye amalizie filamu na aipakie. Heulwen ametusaidia sana, kwa kiwango chake, hatukatai. Heulwen, mama, mambo ya kompyuta tuachie sisi. Wewe kwenye chai huna mpinzani!"

Wanaume wakacheka. Walicheka vile wanaume wanavyocheka mwenyekiti anaposubiri kuchekewa. Tegid naye alicheka. Nilikuwa namtazama yeye, na Heulwen alikuwa anamtazama yeye.

"Na jina lako tutaliweka, bi mkubwa, usihofu," Rhodri akaongeza, mdomo umejaa mkate. "Mwishoni, kwenye wasaidizi."

"Diski nitakuletea kesho asubuhi," Heulwen akamjibu. "Unaweka sukari ngapi?"

Mimi damu ilinichemka. Kwa wiki tatu hakuna mwanakamati aliyepiga hodi kwake kuuliza hata kama amekula. Njiani kurudi nyumbani nilimtolea uvivu.

"Hivi wewe Heulwen una nini? Umeshindwa hata kummwagia ile chai?"

"Nimmwagie ili iweje? Kesho shati lake limekauka."

"Sasa unamwachia tu hivi hivi?"

"Nitampa kila kitu. Picha zote, sauti zote, mikato yote. Asije akasema nimeficha hata uzi."

"Halafu?"

"Halafu tutaona kama atauliza kuhusu waya."

Hapo nikacheka mpaka nikashika ukuta wa watu.

Waya wenyewe ni huu. Maikrofoni za Seion zilifungwa na shemasi mmoja, marehemu sasa, aliyeamini kwamba anaujua umeme. Tangu siku ile sauti inatoka kanisani nusu mbili zinazopingana: ya kushoto ikisukuma, ya kulia inavuta. Ukiisikiliza kwa spika za masikioni, kila nusu inakwenda sikio lake na kwaya unaisikia. Lakini simu ya kawaida yenye spika moja inazijumlisha, nusu moja inaifuta nyingine, na unabaki na watu wazima wanafungua midomo kimya. Hakuna aliyethubutu kuurekebisha waya ule, kwa sababu kuurekebisha ni kusema marehemu aliukosea, na mjane wake anakaa safu ya pili kila Jumapili. Heulwen hujua la kufanya. Kabla tu ya kuitoa filamu huigeuza nusu moja, mbofyo mmoja, basi. Hajawahi kumwambia mtu ila mimi, kwa heshima ya mjane.

Rhodri hakuuliza. Jumanne alichukua diski mlangoni, hata ndani hakuingia. Jumatano aliisikiliza kwa spika zake za masikioni kubwa kama bakuli, akaifunga, akaipakia, akaandika kwa herufi pana kabisa "Filamu ya Rhodri Makaa". Makaa! Kijana hajawahi kushika koleo.

Jumatano hiyo hiyo alasiri simu za bonde zima zikafunguliwa. Nilikuwa posta. Wanaume watatu walisimama pale kila mmoja na simu yake, wanaitikisa.

"Yangu imekufa sauti," alisema mmoja.

"Hata yangu. Lakini tangazo la sabuni nimelisikia."

"Ongeza basi!"

"Nimeongeza mpaka mwisho, we!"

Alhamisi Rhodri aliitoa upya, sauti mara mbili. Ukimya nao ukawa mara mbili. Akaibadilisha muundo, akaikuza, akaifanya ndogo, akaifuta akaipakia tena. Nyumbani kwake ilisikika, kwenye simu za watu hapana. Iorwerth alizilaumu simu, akaulaumu mtandao, akamlaumu hata mke wa jirani yangu wa pili eti oveni yake ya umeme inaingilia mawimbi. Jioni Rhodri akakumbuka kwamba ana kazi ya haraka Liverpool, akaondoka. Nilifurahi, sitaki kuongopa. Nilipiga kinanda nyumbani madirisha yakiwa wazi.

Ijumaa saa nne asubuhi Iorwerth alikuja mlangoni kwa Heulwen. Nyuma yake, uani, walisimama wanaume thelathini na sita wa kwaya kwenye mvua, wastaafu karibu wote. Tegid alikuwa amejifunga skafu mara mbili. Mimi nilikuwa jikoni tangu saa mbili. Ningekosaje?

"Heulwen, dada yangu," Iorwerth alianza. "Kuna katatizo kadogo."

"Pole. Rhodri anasemaje?"

"Rhodri... yuko Liverpool."

"Na droni yake?"

"Heulwen, tafadhali. Zimebaki saa mbili."

"Nimeziona. Saa yangu nzima."

Akaendelea kupangusa meza. Iorwerth alivua kofia, akaikunja, akaikunjua.

"Unataka nini? Sema, nitafanya."

"Jumatatu ulizungumza mbele ya watu wote," alisema Heulwen. "Leo hao hao wako uani. Geuka."

Nilidhani atakataa. Yule mzee ameongoza kila kitu bondeni isipokuwa mvua. Shingo ilimwiva, mdomo ukafunguka na kufungika. Lakini aligeuka, akasimama kizingitini kichwa wazi, akasema kwa sauti iliyofika mpaka barabarani: kwamba filamu zote za kwaya kwa miaka kumi na minne ni kazi ya Heulwen, kwamba yeye alimdhalilisha makusudi ili kumfurahisha mkwe wake, kwamba yeye ndiye asiye na haya. Akasema anaomba radhi.

"Ingieni," Heulwen akasema. "Futeni viatu."

Waliingia walioenea, wengine wakabanana mlangoni na dirishani. Tegid alisimama nyuma ya kiti cha dada yake, mimi pembeni kulia. Heulwen akaifungua kazi, akabofya mara moja, akaiunganisha ile simu ya kioo kilichopasuka. Na sauti ikaja. Kwanza mabesi, halafu kinanda changu, halafu Tegid peke yake, sauti safi ikipanda bila kusukumwa. Iorwerth alikaa kwenye ndoo ya makaa akalia. Wengine waliangalia viatu vyao. Tegid aliiangalia simu tu.

Saa ya ukutani ilikuwa tano kasoro dakika chache.

"Sasa naitoa, halafu naipakia," Heulwen alisema. "Ukurasa unataka ile ya zamani iondoke kwanza." Akaiondoa ile ya Rhodri. Pakabaki patupu.

Kisha akafungua orodha ya namna za kuitoa filamu. Hapo ndipo nilipoona kidole chake. Miaka kumi na minne nimekaa kwenye kiti kile nikimwona akichagua nyepesi ya mtandaoni, ya tatu kutoka chini. Macho yangu yanapajua. Kidole kilishuka, kikapita pale, kikatua kwenye ile nzito ya kabatini. Akabofya. Uso wake ulikuwa mtulivu kabisa, kama anayehesabu mishono.

Nyepesi inapanda kwa laini ya simu ya bonde letu ndani ya dakika ishirini. Tumezoea kuingojea kwa birika moja la chai. Nzito inataka zaidi ya saa. Ilianza kupanda saa tano na dakika kumi.

Ningeweza kusema. Nilikuwa na mdomo na nilikuwa na muda. Lakini kwenye karatasi za maonyesho za kwaya ile kwa miaka ishirini na sita mimi nimeandikwa "na kinanda", hata jina hakuna, na nikajiambia, waache waisome namba. Nikanyamaza.

Saa tano na nusu, asilimia thelathini na mbili.

"Inakwenda taratibu, ee?" aliuliza Iorwerth.

"Mtandao wa bonde letu si mnaujua," alijibu Heulwen.

"Siwezi kuongeza hata kitu? Nizime taa?"

"Keti, Iorwerth."

Walianza kuimba kwa sauti ya chini, wajinga wale, kuisukuma. Robo saa kabla ya mwisho walikuwa wameshikana mabega. Saa sita ilipogonga mstari ulikuwa kwenye asilimia sabini na nane. Ukurasa ukageuka mweupe, ukaandika kwamba muda umekwisha na kwamba wanawashukuru walioshiriki. Birika lilikuwa linachemka, nikaenda kulizima.

Hapo ndipo lilipotokea jambo ambalo Heulwen hakulipangia. Walimshukuru. Mmoja mmoja walimshika mkono, wanaume wazima macho mekundu, wakamwambia amejitahidi, hakuna mwingine ambaye angejaribu baada ya alivyotendwa. Iorwerth alimkumbatia. Aliapa kuiandikia kampuni ya mtandao barua ambayo hawataisahau, na aliandika kweli, kurasa sita. Wiki iliyofuata walimletea paja la mwanakondoo. Kwaya ikapitisha kwamba kuanzia sasa jina lake litatangulia kila filamu. Alipokea vyote, akasema asante, uso umemkauka.

Walipoondoka siku ile nilifunga mlango.

"Umechagua nzito," nikamwambia.

"Nimechagua."

"Kuomba radhi hakukutosha?"

"Aliomba radhi kwa sababu saa ilikuwa inakwenda. Saa ingesimama, angerudi kunitania kabla ya Jumatatu. Nilitaka akose kitu. Kitu kisichorudi."

"Na Tegid je?"

Alikuwa anaosha vikombe. Hakugeuka.

"Alicheka, Nesta. Wote wangecheka mpaka kesho nisingejali. Yule nimembeba mgongoni kwa picha wiki tatu, anaona ninavyovuliwa nguo, anacheka."

Nilichukua kitambaa nikavikausha vikombe. Mimi mwenyewe nilikuwa nimenyamaza, na kunyamaza kwangu hakukuwa na sababu nzuri kuliko yake.

Tegid alipasuliwa Aprili. Uvimbe walitoa wote, na sauti ikatoka nao. Kilichobaki ni mnong'ono, inabidi umsogelee. Jumapili moja ya mwezi wa tano alikuja jikoni kwa Heulwen alasiri, mimi nikiwapo, akaomba aonyeshwe filamu. Heulwen akamwekea nakala nzito, iliyo bora kuliko zote, kwenye kompyuta na spika mbili nzuri. Aliitazama yote bila kujitikisa. Ilipokwisha alitoa kitambaa, akajifuta shingo.

"Nzuri," alinong'ona. "Nyepesi ingefika saa tano na nusu."

Heulwen alikishusha kikombe mezani taratibu.

"Ulijua, kaka?"

"Nilikuwa nimesimama nyuma yako. Koo ndilo lililokuwa bovu, Heulwen. Macho yangu mazima."

"Mbona hukusema?" Sauti yake ilikuwa imepanda. "Sauti ilikuwa yako! Ungesema neno moja tu, ningebadilisha, muda ulikuwepo! Mbona ulisimama tu pale?"

Tegid alivuta pumzi. Maneno mengi yanamchosha siku hizi.

"Watu thelathini na sita," alisema. "Jikoni kwako. Mimi ningesimama jukwaani siku moja, bila sauti, basi. Wewe una miaka yote ya kuishi nao hapa. Ningesema, ungeishi na nani?"

Akamwonyesha kompyuta kwa kidevu, arudie kuanzia mwanzo. Heulwen alinyoosha mkono kwenye kitufe, na mkono ukagoma pale hewani, akaurudisha mapajani. Nikabofya mimi.